Mshtuko wa Moyo: Saa za Kwanza, Kutoka Nyumbani hadi Longisa

Mazungumzo ya afya kwa wakazi wa Kaunti ya Bomet



Mazungumzo haya yanahusu ugonjwa ambao wengi huusikia siku ya matanga. Husemwa kwamba marehemu alikuwa mzima, alikamua ng'ombe jioni, akala, akashikwa kifuani usiku na asubuhi hakuamka. Jamaa husema ilikuwa ghafla. Lakini wakiulizwa taratibu, mara nyingi husimulia mambo mengine: maumivu yalianza saa tatu usiku, akapewa maziwa akidhaniwa ana vidonda vya tumbo, akalala kidogo, akaamka akitokwa na jasho, ikaamuliwa pakikucha apelekwe zahanati. Kati ya saa tatu usiku na alfajiri ni saa tisa. Katika saa hizo tisa ndipo maisha yalipoweza kuokolewa.

Hilo ndilo jambo kuu la leo. Mshtuko wa moyo una matibabu, na baadhi ya dawa zake ni za bei ya chini. Ila matibabu hayo huwafaa zaidi wanaofika mapema, na kwa mkazi wa Longisa, Sigor, Mulot au Mogogosiek, mapema huanzia nyumbani kabla ya gari kuwashwa.

Mshtuko wa moyo ni nini

Moyo ni msuli unaosukuma damu mwili mzima. Msuli huo nao unahitaji damu yake, na huipata kupitia mishipa midogo iliyouzunguka. Kwa miaka mingi mafuta yanaweza kujijenga ndani ya kuta za mishipa hiyo bila mtu kuhisi lolote. Siku moja ukuta hupasuka kidogo, damu huganda juu ya ufa huo, na bonge la damu huziba njia. Sehemu ya moyo iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo hukosa hewa safi. Baada ya nusu saa hivi msuli huanza kufa, na huendelea kufa saa baada ya saa mpaka njia ifunguliwe. Msuli wa moyo uliokufa haufufuki. Mahali pake hubaki kovu.

Huo ndio mshtuko wa moyo. Ni vizuri kuutofautisha na mambo mawili yanayochanganywa nao.

La kwanza ni moyo kusimama ghafla. Mtu huanguka, haitiki anapoitwa na hapumui kama kawaida. Mshtuko wa moyo unaweza kuleta hali hiyo, lakini wagonjwa wengi wa mshtuko hufika hospitalini wakizungumza, na baadhi hufika wakitembea kwa miguu yao. Kutembea si ushahidi kwamba hali ni nzuri.

La pili ni ugonjwa wa vali za moyo unaotokana na maambukizi ya koo utotoni. Ugonjwa huo unajulikana sana katika eneo hili kwa sababu Hospitali ya Tenwek imewafanyia upasuaji vijana wengi waliougua. Huo huharibu milango ya moyo polepole, tena kwa watu wa umri mdogo. Mshtuko wa moyo huziba mishipa inayoulisha moyo. Magonjwa yote mawili ni ya moyo, ila njia zake ni tofauti na dawa zake ni tofauti.

Wagonjwa ni watu gani

Kuna dhana kwamba huu ni ugonjwa wa matajiri wa mjini, au wa wazee sana. Takwimu za Kenya hazisemi hivyo.

Utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, na kuchapishwa mwaka 2018, uliangalia wagonjwa 196 waliolazwa kwa mshtuko wa moyo au hali ya karibu sana nao. Kenyatta ni hospitali ya umma inayopokea wananchi wa kila aina. Wanaume walikuwa asilimia 65, kwa hivyo zaidi ya thuluthi moja ya wagonjwa walikuwa wanawake. Umri wa kati ulikuwa miaka 58. Maana yake ni kwamba nusu ya wagonjwa hao walikuwa na miaka 58 au chini ya hapo. Nchini Marekani, wastani wa umri wa mwanamume anapopata mshtuko wa kwanza ni karibu miaka 65, na mwanamke karibu 72. Mtu wa miaka 58 hapa kwetu bado anachuma majani chai, bado analipa karo ya mtoto wa mwisho, na mara nyingi ndiye anayetegemewa na boma zima.

Asilimia 57 ya wagonjwa wa Kenyatta walikuwa na mshtuko wa aina kali zaidi, ule ambao mshipa umeziba kabisa na kipimo cha umeme wa moyo huuonyesha waziwazi. Hao ndio ambao kila dakika ina uzito kwao kuliko wagonjwa wengine wote.

Vinavyomweka mtu katika hatari vinajulikana: shinikizo la damu, kisukari, uvutaji wa sigara, mafuta mengi katika damu, unene wa tumbo, kukaa bila kufanya mazoezi, na kuwa na mzazi au ndugu aliyepata mshtuko akiwa bado na umri mdogo. Mtu mwenye mawili au matatu kati ya hayo hapaswi kupuuza maumivu ya kifua hata siku moja.

Dalili zinazodanganya

Dalili inayojulikana zaidi ni maumivu katikati ya kifua. Wagonjwa wengi hawayaiti maumivu hasa. Husema ni uzito, kama gunia lililowekwa kifuani, au ni kubanwa, au ni moto. Hali hiyo hudumu zaidi ya dakika 15, na inaweza kusambaa hadi mkono wa kushoto au yote miwili, shingo, taya, mgongo, au juu ya tumbo. Pamoja nayo huja jasho la baridi, kichefuchefu, kutapika, kukosa pumzi, kizunguzungu, na hofu kubwa ambayo mgonjwa hawezi kuieleza.

Matatizo huanza pale dalili zinapokuja kwa sura nyingine. Mwanamke anaweza kuhisi uchovu usio wa kawaida, kukosa pumzi na maumivu ya mgongo, kifua kikiuma kidogo tu. Mwenye kisukari cha miaka mingi anaweza asihisi maumivu kabisa, kwa sababu kisukari hudhoofisha neva. Yeye hutokwa na jasho na kukosa nguvu. Mzee anaweza kuchanganyikiwa tu. Na wengi, wa umri wowote, huhisi maumivu chini ya kifua na kuyaita gesi, asidi au vidonda vya tumbo.

Kosa hilo hufanywa nyumbani na hata hospitalini. Mwaka 2019, katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, watafiti waliwapima wagonjwa 681 waliofika kitengo cha dharura wakilalamika maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Kila mmoja alifanyiwa kipimo cha umeme wa moyo na kipimo cha damu. Waliokuwa na mshtuko wa moyo walikuwa 152, zaidi ya mmoja kati ya watano. Wengi wao hawakuwa wametambuliwa katika huduma ya kawaida. Waliandikiwa kwamba wana presha au moyo uliodhoofika, na wachache tu ndio waliopewa aspirini. Ndani ya siku 30, zaidi ya wanne kati ya kila kumi wa wagonjwa hao wa mshtuko walikuwa wamefariki.

Moshi haiko mbali, na watu wake si tofauti na watu wa Bomet. Funzo lake kwa mhudumu ni kwamba asiyetafuta mshtuko wa moyo hauoni. Funzo lake kwa mwananchi ni kwamba ana haki ya kuuliza, kwa heshima: "Daktari, je, moyo umepimwa?"

Mgonjwa anapofika hospitalini

Mgonjwa mwenye dalili hizo anapofikishwa katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Longisa, au hospitali nyingine yoyote, hapaswi kukaa kwenye benchi la foleni. Anayemleta aseme mara moja, langoni: "Ana maumivu ya kifua, yalianza saa fulani." Maneno hayo ndiyo yanayompeleka kwenye kitengo cha dharura.

Kipimo cha kwanza ni cha umeme wa moyo, ambacho wengi hukijua kwa herufi ECG. Vibandiko huwekwa kifuani, mikononi na miguuni, na mashine huchora mistari kwenye karatasi. Hakiumizi, wala hakipitishi umeme mwilini. Husikiliza tu umeme ambao moyo wenyewe huutoa. Mwongozo wa kimataifa unataka kifanywe na kusomwa ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike. Kikiwa hakionyeshi tatizo na maumivu yanaendelea, hurudiwa, kwa sababu mshtuko unaweza kujitokeza baadaye.

Kipimo cha pili ni cha damu. Msuli wa moyo ukiumia, humwaga katika damu kitu kinachoitwa troponini. Huchukua saa kadhaa kuonekana, na ndiyo maana mgonjwa anaweza kutolewa damu mara mbili. Jamaa wasidhani damu ya kwanza imepotea. Tena, ikiwa ECG tayari inaonyesha mshipa umeziba, matibabu hayangoji majibu ya maabara.

Dawa ya kwanza ni aspirini, takriban miligramu 300, ambayo mgonjwa huitafuna badala ya kuimeza nzima ili ifanye kazi haraka. Huongezewa dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kama klopidogreli, na sindano ya heparini. Hupewa dawa ya maumivu. Oksijeni hupewa yule ambaye kipimo cha kidole kinaonyesha imepungua. Asiyepungukiwa haihitaji, na jamaa wasione amenyimwa.

Wakati hayo yakifanyika, daktari huuliza maswali mengi. Maumivu yalianza saa ngapi? Amewahi kupata kiharusi? Amefanyiwa upasuaji hivi karibuni? Ametapika damu au kupata choo cheusi? Anatumia dawa gani? Maswali hayo si ya kupoteza muda. Majibu yake ndiyo yanayoamua kama ni salama kumpa dawa inayofuata.

Sindano kwanza, safari baadaye

Mshipa ulioziba kabisa unaweza kufunguliwa kwa njia mbili.

Njia ya kwanza hufanyika katika chumba maalumu. Daktari bingwa hupenyeza mrija mwembamba kupitia mshipa wa mkono au paja hadi kwenye moyo, hupanua palipoziba na kuacha hapo kijineli cha chuma kinachoitwa stenti. Ndiyo njia bora, ikiwa inapatikana kwa wakati. Vyumba vya aina hiyo nchini ni vichache, na vingi viko Nairobi. Kutoka Longisa kupitia Narok hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 200, na anayeijua barabara hiyo anajua malori ya Mai Mahiu na ukungu wa usiku.

Njia ya pili ni dawa ya kuyeyusha bonge la damu. Streptokinasi hupewa kwa dripu kwa muda usiozidi saa moja. Tenekteplasi ni sindano moja inayopimwa kwa uzito wa mgonjwa. Dawa hizi zinaweza kutolewa katika hospitali yenye ECG, wahudumu waliofunzwa na kitanda cha kumwangalia mgonjwa kwa karibu.

Sasa, daktari hupima kwa swali moja: je, mgonjwa huyu anaweza kufikishwa kwenye chumba chenye timu iliyo tayari, na mshipa wake ukafunguliwa, ndani ya dakika 120? Jibu likiwa ndiyo, apelekwe bila kuchelewa. Jibu likiwa hapana, mwongozo wa kimataifa uko wazi: apewe dawa ya kuyeyusha pale alipo, kisha ndipo asafirishwe. Jamaa wengi, kwa mapenzi, husisitiza mgonjwa aondolewe mara moja apelekwe hospitali kubwa. Nia yao ni njema. Lakini safari ya saa nne bila dawa ni saa nne za msuli kufa. Wakisikia daktari akisema "tuanze hapa kwanza", wajue kwamba hiyo ndiyo huduma ya haraka zaidi anayoweza kupewa.

Dawa ya kuyeyusha hufaa ndani ya saa 12 tangu maumivu yaanze, na hufaa zaidi katika saa mbili tatu za mwanzo. Bonge likiwa bichi huyeyuka kwa urahisi. Likikaa huwa gumu. Dawa hiyo pia ina hatari. Mgonjwa mmoja hivi kati ya 100, au pungufu, anaweza kuvuja damu ubongoni. Ndiyo sababu aliyewahi kuvuja damu ubongoni, aliyepata kiharusi hivi karibuni, au aliyetoka kwenye upasuaji mkubwa huenda asipewe.

Faida yake imejulikana kwa miaka mingi. Mwaka 1988 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa unaoitwa ISIS-2, uliofanywa katika nchi 16 kwa wagonjwa 17,187. Wengine walipewa aspirini, wengine streptokinasi, wengine zote mbili, na wengine hawakupewa yoyote kati ya hizo. Kati ya kila wagonjwa 100 ambao hawakupewa hata moja, 13 walifariki ndani ya wiki tano. Kati ya kila 100 waliopewa zote mbili, walifariki wanane. Aspirini peke yake, kidonge kinachouzwa kwa bei ya chini katika kila duka la dawa, ilipunguza vifo kwa karibu robo.

Lakini dawa ni ya anayeifikia. Katika utafiti wa Kenyatta, kati ya wagonjwa wa mshtuko mkali waliostahili kufunguliwa mshipa, waliofunguliwa kwa njia yoyote walikuwa asilimia 33 tu. Wawili kati ya kila watatu hawakupata. Hiyo ni hospitali kubwa kuliko zote nchini. Jengo kubwa peke yake halitoshi.

Wodini na hatari zinazobaki

Baada ya saa za kwanza, mgonjwa hulazwa mahali ambapo mapigo ya moyo yanaweza kuangaliwa usiku na mchana. Siku mbili za mwanzo ndizo zenye hatari zaidi, kwa sababu moyo ulioumia unaweza kwenda mrama na kusimama. Mashine ya kuushtua moyo kwa umeme huwekwa karibu.

Huko Kenyatta, asilimia 17 ya wagonjwa wote 196 walifariki wakiwa hospitalini, na miongoni mwa wenye mshtuko mkali ilikuwa asilimia 21, yaani mmoja kati ya watano. Waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ni wale ambao moyo wao ulikuwa umeanza kushindwa kusukuma damu, wakafika na maji mapafuni, na wale ambao figo zao hazikuwa zikifanya kazi vizuri. Kadiri msuli unavyokaa bila damu ndivyo moyo unavyodhoofika, na moyo ukidhoofika maji hujaa mapafuni na figo hukosa damu. Kuchelewa na kufa, kwa hiyo, vina uhusiano wa moja kwa moja.

Mgonjwa anayeendelea vizuri huanza kukaa kitandani, kisha kutembea kidogo wodini, na wengi huruhusiwa kwenda nyumbani baada ya siku chache. Hapo jamaa hufurahi, na ni haki yao. Lakini kuruhusiwa si kupona kabisa.

Baada ya kurudi nyumbani

Mgonjwa hurudi na dawa kadhaa. Aspirini kwa kawaida ni ya maisha. Klopidogreli kwa kawaida ni ya mwaka mmoja, na aliyewekewa stenti akiiacha kabla ya wakati anaweza kuziba tena na kufariki. Kuna dawa ya kupunguza mafuta katika damu, kama atovastatini. Kuna dawa za kupunguza kasi ya moyo na za kuulinda usitanuke. Hata mgonjwa akijisikia vizuri, dawa ziendelee. Anajisikia vizuri kwa sababu anazitumia.

Sigara iachwe siku hiyo hiyo. Chumvi ipunguzwe, hasa ile ya kuongeza mezani. Mboga za majani, maharagwe, matunda na ugali wa kiasi ni chakula kizuri, na vyote hupatikana shambani. Mursik si adui, ila chupa nzima ya maziwa yenye mafuta kila siku pamoja na nyama ya kuchoma kila wikendi ni mzigo kwa mishipa. Kutembea huanza kwa dakika chache na kuongezwa polepole. Mzigo wa majani chai mgongoni usubiri hadi daktari aruhusu.

Kabla ya mshtuko

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa hapa ni presha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima Kenya wana shinikizo la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Presha haiumi. Mtu anaweza kukaa nayo miaka kumi akilima na kucheka, huku mishipa ikiharibika.

Tangu Septemba 2023, wahudumu wa afya ya jamii kote nchini walianza kupewa mikoba yenye mashine ya kupima presha na kifaa cha kupima sukari. Mhudumu akifika bomani, kila mtu mzima akubali kupimwa, wakiwemo wanaume, ambao mara nyingi ndio hukwepa. Aliyepewa dawa za presha au kisukari asiziache kwa sababu zimeisha au kwa sababu jirani amemshauri dawa ya miti. Zikiisha, arudi kliniki.

La kufanya maumivu yanapoanza

Kwa ufupi, hivi ndivyo kila boma linavyopaswa kufanya.

Maumivu au uzito wa kifua ukidumu dakika 15, hasa ukiwa na jasho au kukosa pumzi, ni dharura. Mgonjwa akae, asitembee, asifanye kazi, asiendeshe gari wala pikipiki. Mtu aangalie saa na aikumbuke.

Ikiwa mgonjwa hana mzio wa aspirini, hajatapika damu, hana choo cheusi wala dalili za kiharusi kama mdomo kupinda au upande mmoja kulegea, atafune aspirini miligramu 300. Vidonge vidogo vya miligramu 75 vikiwa ndivyo vilivyopo, ni vinne. Aspirini hii ni ya dharura; asiyekuwa na ugonjwa asianze kuimeza kila siku bila ushauri, kwa maana inaweza kuleta vidonda na kuvuja damu tumboni.

Ambulensi iitwe. Ikiwa zahanati na hospitali ziko umbali unaokaribiana, mgonjwa apelekwe hospitali, kwa sababu huko ndiko kuliko na ECG. Ikiwa hospitali ni mbali na ambulensi haijapatikana, zahanati au kituo cha afya kilicho karibu kinaweza kumpa dawa ya kwanza na kupiga simu ya rufaa. Gari la jirani ni bora kuliko bodaboda, lakini chochote kinachosonga ni bora kuliko kungoja kukuche.

Mtu akianguka, haitiki na hapumui kawaida, alazwe chali na abonyezwe katikati ya kifua kwa mikono miwili, kwa nguvu, kina cha sentimita tano, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike.

Jamaa wabebe dawa zote anazotumia, kadi za kliniki na kitambulisho. Kila mkazi ajisajili mapema na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Usajili unaweza kufanywa kwa simu ya kawaida kwa kubonyeza *147#. Lakini ambaye hajajisajili asibaki nyumbani kwa hofu ya pesa. Katiba ya Kenya, Kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura.

Methali nyingine husema kawia ufike. Ni ushauri mzuri kwa dereva wa barabara ya Narok. Kwa mwenye uzito kifuani haufai, kwa sababu anayekawia huenda asifike. Usiku wa leo, kabla ya kulala, kila familia ikubaliane mambo matatu: gari la nani litaitwa, simu ya nani itapigwa, na aspirini inawekwa wapi.